Jinsi ya Kuwa Mkurugenzi Mpaka Boom Liishe

Mdogo wangu, boom limetoka. Umeweka kidole, benki imetuma ujumbe, na kwenye akaunti yako kuna shilingi 600,000 ambazo Bodi ya Mikopo, kwa kukosa upeo, imekupa ule na ulale kwa siku 60, elfu kumi kila siku. Wenzako watakula. Wewe unafungua kampuni.

Usiwe na wasiwasi, uko kwenye mikono salama. Nimesimamia mazishi ya biashara nyingi za wanafunzi, Mlimani na Mabibo, nyingine zikiwa hazijafika hata wiki ya kupewa jina, na sijamwona aliyefuata maelekezo yangu akakosa heshima. Pesa ndiyo hukosekana. Chukua kalamu. Hapana, iweke chini. Kalamu ni chombo cha hatari katika shughuli hii, utaona mbele.

Kwanza, cheo

Cheo kinatangulia bidhaa. Hujajua bado unauza nini, lakini kuanzia saa hii wewe ni Mkurugenzi Mtendaji na Mwanzilishi. Kaandike kwenye WhatsApp kabla hujaendelea kusoma. Mwenzako wa chumba ni Mkurugenzi wa Fedha, kwa sababu anazo: ametoa 150,000 kwenye boom lake. Msiandikiane chochote. Kuandikiana ni kutoaminiana, na nyinyi ni ndugu, mmekula ugali sahani moja. Siku mtakapokosana, kila mmoja atakumbuka yale makubaliano yanayomfaa yeye, na huo ndio uzuri wa mkataba wa mdomo.

Jina lisiwe la Kiswahili. Duka linaloitwa kwa jina la mwenyewe na neno "nguo" ni la mtu anayetaka kuuza nguo. La kwako liishie na "Empire", na nafasi ikibaki kwenye nembo, ongeza "Group". Nembo iwe na tai, simba au taji. Ukishindwa kuchagua, weka vyote, simba avae taji na tai atue juu yake. Mpe kijana wa kompyuta elfu thelathini akuchoree. Chapisha kadi. Chapisha fulana tatu za wafanyakazi, ingawa mko wawili.

Hapo umetumia kama laki moja na hujaonana na mteja. Unakwenda vizuri.

Pili, ilaumu serikali mapema

Watatokea watu wasio na ndoto wakuambie kwamba jina la biashara linasajiliwa BRELA kwa mtandao, ukiwa na namba ya NIDA na kama elfu ishirini mfukoni. Kwamba TIN ya TRA haiuzwi. Kwamba mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 4 hadaiwi kodi ya mapato hata senti. Ziba masikio. Milioni 4 kwa mwaka ni kama 333,000 kwa mwezi, na kampuni yako haifiki huko hata ikifanyiwa maombi ya kufunga. Maana yake kodi haikuhusu. Ukishalijua hilo, umepoteza kisingizio kizuri kuliko vyote.

Wewe unahitaji kusimama mbele ya watu na kusema kwa uchungu, "Nchi hii haiwasaidii vijana." Sentensi hiyo hupigiwa makofi kwenye kila kongamano la ujasiriamali kuanzia Ukumbi wa Nkrumah mpaka kanisani kwenu. Usiiharibu kwa taarifa.

Tatu, piga hesabu ukiwa umelala chali

Hesabu ya biashara hupigwa mara moja tu, usiku, taa imezimwa, wakurugenzi wote wawili mkitazama dari. Tumechagua mitumba. Kwa nini mitumba? Kwa sababu yupo jamaa wa mwaka wa tatu aliyetajirika kwa mitumba. Faida yake hakuna aliyeiona, ila viatu vyake tumeviona.

Belo moja la kilo 45, tuseme laki nne. Ndani yake, kwa mujibu wa mtu aliyewahi kusikia, kuna vipande 200. Mia mbili mara elfu tano ni milioni. Toa laki nne, inabaki laki sita. Mabelo mawili kwa mwezi ni milioni na laki mbili. Mkifika mitihani ya mwisho wa mwaka mtakuwa mnabishana mnunue gari, IST, ya rangi gani. Laleni hapo hapo.

Msiendelee, kwa sababu hesabu ikiendelea itakutana na bajaji kutoka Ilala, sabuni, pasi na mifuko, tuseme elfu thelathini. Itakutana pia na theluthi ya belo ambayo haiuziki kwa mwenye macho: kola zilizolika, zipu zilizokufa, fulana ya ukoo wa watu wa mbali waliokutana kula nyama mwaka 2011, majina yao yote yameandikwa mgongoni. Ukiviondoa hivyo, mia mbili inakuwa kama 130, na kila kipande kimekugharimu elfu tatu na mia tatu kabla hujasema karibu. Faida bado ipo, lakini imekuwa ya binadamu wa kawaida, na sisi tulishakubaliana kuhusu cheo chako.

Usijione mpweke. Hesabu za chali zina historia ndefu nchini. Mwulize mjomba wako kuhusu DECI: mwaka 2009 watu wazima wenye kazi zao walikuwa wakipanda pesa na kungoja kuvuna, mpaka serikali ilipoingia kati. Miaka michache baadaye ikawa kware. Yai dogo, bei kubwa, kila mtu akafuga, na kila mtu akawa na mayai ya kumuuzia jirani ambaye naye alikuwa na mayai. Hesabu zilikuwa sahihi zote. Waliokosea ni wanunuzi, waliosahau kuzaliwa.

Nne, nenda Karume saa nne asubuhi

Wenye biashara yao hufika soko la Karume kabla hakujapambazuka. Belo likikatwa mkanda wao ndio wanaoliangukia, tochi za simu mdomoni, mikono ikichomoa mali ya kwanza kwa kupapasa kitambaa tu. Jua likichomoza mali hiyo imeshapanda daladala kwenda kupigwa pasi, na kinachobaki kinapigiwa kelele chini kwa bei ya buku. Huo ni utaratibu wa watu wenye shida. Mkurugenzi huamka, huoga, huvaa raba nyeupe, na hufika jua likiwa limeshawiva.

Belo huuzwa limefungwa. Huruhusiwi kuchungulia. Kinachotakiwa ni kuuliza maswali: ni la nini, limetoka nchi gani, limefungwa na nani, na nikikuta takataka tunazungumzaje? Mwenye uzoefu huuliza hayo yote kwa muuzaji yule yule kila mara, mpaka muuzaji anaona aibu kumtupia mabaya. Wewe una kitu bora. Muuzaji amekuita bosi.

"Bosi, hili la Ulaya kabisa. Hili nilikuwa nimemwekea mtu."

Kumbuka kwamba huyo mtu amewekewa mabelo mengi sana pale Karume na hajawahi kuja kuchukua hata moja. Lipa haraka kabla hajatokea.

Mkifika hosteli, fungeni mlango, mkate mkanda. Makoti. Makoti marefu ya sufu, mazito, yenye vifungo kama vitasa, na kwenye mfuko mmoja kuna tiketi ya treni ya mji wa Ujerumani na karatasi ya peremende. Ni Februari, Dar es Salaam. Feni inazungusha joto lile lile. Mkurugenzi wa Fedha analijaribu moja, na jasho limeshamfika kidevuni kabla hajafunga kifungo cha pili.

Mwambie limempendeza.

Tahadhari: yule wa Njombe

Wakati mmekaa mnayatazama makoti, mlango utagongwa. Ni yule wa chumba cha tatu, anayetoka Njombe, amekuja kuazima pasi. Atashika koti, atalipindua, atalitazama bitana, na atasema polepole kama kawaida yake: "Kaka, haya mngeyafunga kwenye basi. Kwetu mwezi wa sita asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe. Shangazi yangu ana kibanda Makambako, angewauzia akachukua chake."

Mkatalie kwa upole, lakini mkatalie. Fikiria: koti likinunuliwa Makambako, nani atakuona? Utaweka nini kwenye status? Mama wa watu anayekwenda shambani amejifunika koti lako, na hajui hata kwamba kuna Mkurugenzi?

Huyu kijana ni hatari kwa kampuni yako kuliko moto, kwa hiyo ngoja nikuonyeshe anavyoishi, umtambue na umkwepe. Anauza mayai. Ananunua trei moja, mayai 30, tuseme elfu tisa. Hosteli imekataza majiko, basi anampelekea mama ntilie wa nje ya geti, ambaye mkaa wake bado unawaka baada ya chakula cha jioni, anampa mia tano, anachemshiwa. Saa nne usiku, watu wakiwa wanajisomea na njaa imewakaba na kantini imefungwa, anapita na ndoo ndogo yenye mfuniko, chumvi kwenye karatasi, na pilipili kwenye chupa iliyotobolewa kifuniko. Yai mia tano. Ukizidisha, trei inarudisha elfu kumi na tano.

Hajaandika popote kwamba anauza mayai, watu wanasikia ndoo tu. Na angalia ujanja wake wa kishamba: hakuna anayekopa yai. Mtu ataona haya kusema "nitakupa boom likitoka" kwa kitu cha mia tano, ataingiza mkono mfukoni mpaka aipate. Akifika chumbani anafungua daftari la kurasa 32, anaandika: yameuzwa 27, yamepasuka 2, nimekula 1. Nimekula 1! Anajidai yai lake mwenyewe.

Hana nembo. Hana kadi. Ukimuuliza anafanya shughuli gani atakujibu, "Nasoma ualimu." Usikae naye.

Tano, bei njoo inbox

Piga picha. Makoti yapigwe Coco Beach, saa saba mchana, yakiwa yamevaliwa na binti wa mwaka wa kwanza uliyemuahidi umaarufu. Weka picha arobaini kwa mpigo ili kila anayefungua status yako aone vidoti tu. Chini yake andika: *Mali mpya, chache sana, bei njoo inbox.*

Akija inbox, usimjibu siku hiyo. Mkurugenzi ana vikao. Akiuliza tena, mjibu kwa swali: "We una bei gani?" Bei yenyewe iache iwe kama hali ya hewa. Mwenye simu nzuri elfu thelathini, mwenye simu iliyopasuka kumi na tano. Wote wawili ni wa chumba kimoja na jioni watalinganisha, lakini hayo ni mambo ya jioni.

Sita, kopesha kwa moyo mweupe

Hapa ndipo ufundi ulipo, na hapa sitakuharakisha.

Soko la chuo lina tabia ambayo huikuti Kariakoo: wateja wote hupata pesa wakati mmoja na wote huishiwa wakati mmoja. Wiki mbili za mwanzo watu wanakula chipsi kuku, wanapanda bodaboda kwenda kipindi ambacho ni dakika tano kwa miguu, wanamnunulia soda mtu wasiyemjua. Ukiingia mwezi wa pili ni msoto. Watu wanapiga pasi ndefu, wanaunganisha chai ya asubuhi na wali wa jioni bila kitu katikati, na mazungumzo yote korido nzima ni tetesi za lini wenzetu wa chuo fulani wamesaini. Mwenye tamaa angekuwa na mzigo tayari siku pesa inapoingia, akauza kwa taslimu wiki moja, akafunga, akaenda kusoma. Sisi kwa kuwa tulikuwa na nembo ya kushughulikia, tunafungua duka siku ya thelathini na tano.

Kwa hiyo kila atakayeingia atasema maneno yale yale: "Kaka, we nipe tu. Boom likitoka nakumalizia yote." Mpe. Usiombe hata cha kuanzia. Kuomba cha kuanzia ni kumwambia mtu humwamini, na koti limeshamkaa.

Kuna watu wa kuwakopesha kwanza. Rafiki yako, kwa sababu akikosa atasema umebadilika tangu uwe na hela. Yule dada wa Sheria, kwa sababu zako mwenyewe. Waziri wa serikali ya wanafunzi, kwa sababu amesema atakuunganisha. Hatakuambia atakuunganisha na nani, wala usimuulize, uunganishaji hutaka siri. Mchukulie na la mke wa waziri.

Deni liandikwe, maana mimi si mtu wa kukataza kila kitu. Ila liandikwe hivi: "Mrefu Block B, koti." "Yule aliyekuja na Neema, mawili, kaacha elfu 3 au 2." "Mshikaji wa kofia." Namba ya simu ya nini? Mnaonana kila siku. Na kweli mtaonana, mpaka siku ya boom.

Siku ya boom utashuhudia jambo la ajabu. Mtu anayedaiwa elfu kumi na tano ana uwezo wa kuhisi uwepo wako kupitia ukuta. Atabadilisha ngazi. Atahama kiti chake cha siku zote pale darasani Yombo, akakae nyuma kabisa karibu na mlango, yeye aliyekuwa anakaa mbele akiuliza maswali. Ukimkuta uso kwa uso atakusalimia kabla yako, kwa furaha kubwa, na atakuuliza habari za nyumbani, mmoja mmoja, mpaka mjomba, na mwisho wa salamu hutakuwa na uso wa kudai. Atakuwa amevaa raba mpya. Hizo ni raba zako, zimempendeza.

Usidai ana kwa ana. Kudai ni ushamba. Weka status: *Kuna watu mnajijua.* Wadaiwa wote watasoma, na kila mmoja atamhurumia mwingine.

Saba, mfuko mmoja

Pesa ya biashara, pesa ya kula, na ile aliyotuma mama kwa ajili ya kitabu ziingie kwenye laini moja. Zikikaa pamoja zinazoeana. Kila ujumbe wa "umepokea" ni faida. Koti la kwanza likilipiwa, fanyeni kikao cha bodi Sinza, penye kitimoto au kuku kulingana na imani ya bodi. Waswahili wanaita kula mtaji. Wewe ita gharama za uendeshaji.

Muamala nao usiuhakiki. Mteja akikuonyesha kwenye simu yake kwamba ametuma, na kwako hakijaingia kitu, sema mtandao unasumbua.

Nane, kopa ili ulipe ulichokopa

Ikifika siku ya hamsini, Mkurugenzi wa Fedha ataanza kuuliza laki na nusu yake. Usimfukuze, mkopee. Siku hizi huhitaji benki wala dhamana, unahitaji simu. Unapakua programu, unairuhusu isome majina yote ya kwenye simu yako, dakika tano umepata elfu hamsini iliyokatwa ikafika thelathini na tano, irudi hamsini na kitu ndani ya wiki. Mtaani wanaita kausha damu, lakini mtaani wana chuki.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yanayofanya kazi bila leseni. Usiisome. Ukiisoma utajikuta huna pa kukopa.

Siku ya kurejesha ikipita, kampuni itakusaidia kujitangaza. Itawatumia ujumbe watu wote ulionao kwenye simu: mwalimu wako wa sekondari, fundi cherehani, katekista, baba mkubwa wa Sumbawanga ambaye hamjaongea tangu msiba wa bibi. Wote watajulishwa kwamba wewe ni mfanyabiashara. Baba mkubwa atapiga. Ataanza, "Mwanangu, kuna nini huko?" Mwambie simu yako imeibiwa. Ataamini kwa wiki mbili, kwa kuwa naye anataka kuamini.

Tisa, shule na biashara zishikane mikono

Kitu kimoja peke yake kikifeli ni fedheha. Viwili vikifeli pamoja vinasitiriana. Ukiulizwa kwa nini biashara imelala, sema masomo yamebana. Ukiulizwa kwa nini umepata sapu tatu na keri moja, sema biashara ilikuwa inakua. Hakikisha tu anayeuliza la kwanza na anayeuliza la pili hawafahamiani.

Hali ikiwa mbaya zaidi, ita wakubwa. Sema Bill Gates aliacha Harvard mwaka 1975, na Zuckerberg akaacha hapo hapo mwaka 2004. Usiongeze kwamba wote wawili waliondoka wenyewe wakiwa na kitu ambacho watu walikuwa tayari wanakitaka. Hawakudisko. Kwa hadhira ya nyumbani tumia Bakhresa: aliacha shule akiwa kijana mdogo, akaanza na viazi. Ukifika hapo nyamaza, uwaache watu wavifikirie viazi. Kwamba aliviuza, leo na kesho na keshokutwa, kwa watu waliolipa, ni maelezo marefu yanayochosha wasikilizaji.

Kufunga bila kufunga

Kampuni ya heshima haifi. Inafanya maboresho. Badilisha picha iwe nyeusi, andika *Tunarudi kivingine*, kisha zima simu siku mbili ili watu waulizane.

Makoti yaliyobaki yana kazi nyingi: moja ni pazia, moja la kumzawadia binamu anayeoa, mawili mpe Mkurugenzi wa Fedha kama gawio. Wadaiwa wasamehe hadharani. Ndiyo, wasamehe, na uweke wimbo wa dini chini ya tangazo. Pesa hiyo ilikuwa hairudi kwa vyovyote, basi angalau irudi kama sifa. Utashangaa wadaiwa wenyewe wakikupa pongezi, na mmoja ataandika, "Una moyo wa kipekee kaka, Mungu akuongezee." Huyo ndiye mwenye raba.

Kwenye wasifu wa kazi usiandike tarehe ya mwisho. Andika mwaka ulioanza, kistari, halafu "sasa".

Dharura: ikitokea faida

Inaweza kutokea, Mungu apishe mbali. Yule wa Njombe amekwenda nyumbani likizo ya Pasaka na, bila idhini ya bodi, amebeba makoti kumi kwenye begi la shangazi kaja la mama yake. Mwezi wa sita simu inaita kwa namba ngeni. Ni yule shangazi wa Makambako. "Habari za huko baba. Yale makoti yameisha yote. Nimekutumia yako, na ya kutolea nimeweka. Yapo mengine?"

Usitaharuki. Faida ya kwanza huwapoteza wengi, kwa sababu huwafanya wafikirie belo la pili. Tulia, fanya kama ifuatavyo. Usimjibu mama huyo leo, mwambie bei njoo inbox. Usimpe yule kijana fungu lake, mwambie atakuwa Mkurugenzi wa Kanda ya Nyanda za Juu Kusini na umtengenezee kadi. Badilisha simu. Rudisha ile picha nyeusi iwe ya rangi, na utangaze kwamba Group sasa inaingia kwenye kilimo. Kuna mtu Mkuranga anakodisha ekari, na ekari moja ya matikiti, nimeshakupigia hesabu nikiwa nimelala, ni milioni saba kwa siku tisini. Mtumie pesa kwa simu, na shamba usiende kuliona.